Régina Anaenda Kumwona Régina

Mwenye safari alikuwa mtoto. Wazazi wake walikuwa wasindikizaji tu, na kuku alikuwa mzigo. Ndivyo Régina mwenyewe alivyoielewa asubuhi ile. Alikuwa na miaka minne, amevaa gauni la waridi lililomfika kwenye vifundo vya miguu, amekaa juu ya pikipiki kando ya soko la Kasongo, kati ya baba yake na mgongo wa dereva Fidèle, na alikuwa akiwatangazia wauza muhogo wote kwamba anaondoka.

"Miye naenda Kabambare," alisema. "Naenda kuona Régina."

"Na weye jina lako nani?" aliuliza mama mmoja, ingawa alilijua vizuri.

"Miye Régina."

"Kumbe Régina anaenda kuona Régina! Basi ukifika, ujisalimie."

Wanawake wakacheka, na mtoto akacheka kuliko wote. Darlène, mama yake, alikuwa nyuma kabisa, ameshika shati la mumewe kwa mkono mmoja na tumbo lake kwa mkono wa pili, maana alikuwa na mimba iliyoanza kuonekana. Yeye pia alicheka. Tangu aolewe alikuwa hajawahi kwenda popote isipokuwa shambani, kanisani na msibani. Kuku, ambaye alifungwa miguu na kuning'inizwa kwenye usukani, ndiye pekee aliyeiona safari ile kama ilivyokuwa.

Tuseme mambo yaeleweke. Mtoto yule alipozaliwa alipewa jina la Mama Régina, shangazi wa mbali wa baba yake, mwenye duka Kabambare. Kwa watu wa huko, jina halitolewi hivihivi. Mtoto akiitwa kwa jina lako, yeye ni somo wako, au kama wanavyosema wenyewe, ni majina yako. Yeye ni wewe. Blaise, baba mtu mzima mwenye ndevu, alikuwa akimwamkia binti yake kila asubuhi kama anavyoamkiwa shangazi, huku shangazi mwenyewe ana kamasi hadi mdomoni.

"Shangazi, umelalaje?"

"Nalala muzuri. Nataka maandazi."

Mama Régina wa Kabambare alituma lile gauni la waridi kwa mkono wa dereva, akatuma sabuni, kisha akaanza kutuma maneno. Mwambieni Blaise aniletee majina yangu nimuone. Mwambieni nitalipa pikipiki miye mwenyewe. Blaise aliyapokea maneno hayo kwa furaha ya mtu asiye na kitu anapokumbukwa na mwenye kitu. Zamani alikuwa na baiskeli, akisukuma mawese na mchele wa watu hadi Kasongo, na nyumba ilikuwa inakula. Kisha watu wenye bunduki wakaichukua njiani, naye akashukuru kwamba walichukua baiskeli tu. Tangu siku hiyo alibeba mizigo ya wengine kichwani.

"Tunaenda promenade, kutembea tu," alimwambia mkewe. "Mutoto anaona majina yake, anakula nyama, tunarudi."

"Kweli tunarudi?"

"Weye nawe! Tutaenda kukaa kule kufanya nini?"

Darlène aliuliza kwa mzaha tu. Alikuwa tayari ameshaazima viatu vya jirani.

*

Barabara ya Kabambare si barabara. Ni kumbukumbu ya barabara. Lakini mtoto hajui hayo, na kwa Régina kila shimo lilikuwa mchezo. Pikipiki ikiruka, anapiga kelele, "Tena, Papa Fidèle!" Fidèle, ambaye alikuwa anapigana na tope kama mtu anayevuta ng'ombe mkaidi, alimwambia asubiri, yako mengine mbele.

Kwenye daraja la magogo walishuka wote. Blaise alimbeba binti yake mabegani, akakanyaga gogo moja moja, na chini maji yalikuwa ya rangi ya chai. Nyani wawili walikuwa wamekaa upande wa pili. Mtoto aliwatazama, nao wakamtazama.

"Papa, nao wanaenda Kabambare?"

"Wao wanatoka kule. Waulize habari."

"Habari za Kabambare?" Régina akawauliza nyani. Wakakimbia. Darlène alicheka hadi akakaa chini kando ya njia.

Mbele kidogo pikipiki iliwaangusha. Haikuwaangusha vibaya; ilijilaza tu kwenye tope kama imechoka, na wote wakajikuta wamekaa ndani ya dimbwi, kuku akiwa juu yao. Halafu Régina akasema, "Shangazi amechafuka," akijisema mwenyewe, na Blaise alicheka kicheko ambacho mkewe alikuwa hajakisikia tangu ile baiskeli ilipochukuliwa. Walikwenda kijitoni. Darlène akafua gauni la waridi, akalianika juu ya kichaka, na mtoto akala karanga na muhogo wa kuchoma amevaa shati la baba yake, mikono ikining'inia. Blaise, kifua wazi, alikuwa akimtengenezea gari la maganda. Nakwambieni, kama mtu angepita pale akawaona, angesema hawa ndio watu wenye raha katika Maniema nzima.

Mchana walifika kwenye kizuizi. Kilikuwa mwanzi mmoja uliolazwa juu ya mafiga mawili, na mtu aitwaye Clovis amekaa juu ya kiti kisicho na mgongo. Hakuna aliyejua nani alimweka pale, na hakuna aliyemuuliza. Alinyoosha mkono kabla pikipiki haijasimama.

"Bonjour. Munalipa barabara."

"Barabara gani?" Fidèle alisema. "Tunatoka kuogelea."

Kabla ugomvi haujaanza, mtoto alijitambulisha. "Miye Régina. Naenda kuona Régina."

Clovis aliurudisha mkono wake. "Unasema nini, mama?"

"Anaenda kwa majina yake," Blaise alieleza. "Ni mara ya kwanza."

Clovis alimtazama mtoto na gauni lake lenye unyevunyevu. Kisha akainuka, akanyanyua mwanzi juu kabisa, kama wanavyomnyanyulia mkuu wa wilaya. "Régina apite," alisema. "Na walinzi wake."

Mtoto aliongea juu ya jambo hilo hadi wakaingia Kabambare.

*

Duka la Mama Régina lilikuwa na veranda ya saruji, na kwenye veranda kulikuwa na fundi cherehani, Papa Hemedi, na mama wa makamo aliyeuza mawese, jina lake Hawa. Ndani kulikuwa na wateja. Mama Régina, mwanamke mnene mwenye miwani na rozari shingoni, aliinua macho, akawaona, akayarudisha kwenye mizani yake.

"Mungojee kidogo. Ninapima chumvi."

Waliketi juu ya magunia yaliyokuwa ukutani.

"Musikalie hayo," alisema bila kugeuka. "Nguo zenu ziko na tope."

Wakasimama. Walisimama hadi wateja wakaisha, na wateja wa Mama Régina hawaishi haraka. Fidèle alidai malipo yake, akalipwa mbele ya watu wote, noti zikihesabiwa kwa sauti, ili ijulikane nani amewaleta, kisha akawasha pikipiki akaondoka. Blaise alikuwa anatazama miguu yake. Régina alikuwa anamtazama Régina.

"Papa," aliuliza kwa sauti, "ndiye miye?"

Hemedi akacheka kwenye cherehani yake, na Mama Régina naye akacheka, na kwa kweli alikuwa na kicheko kizuri. Akatoka nyuma ya meza, akamnyanyua mtoto, akamkumbatia hadi gauni likapanda. "Njo nione. Angalia macho! Ni macho yangu. Hemedi, angalia." Akampa biskuti pakiti nzima. Mtoto alikuwa hajawahi kushika pakiti nzima maishani mwake. Aliishika kwa mikono miwili, hakuifungua.

Jioni, jua likiwa bado halijazama, viti vilitolewa uani, majirani wakaitwa, na Blaise akakabidhi kuku. Mtu anapokabidhi zawadi lazima aseme neno, na Blaise alikuwa amelitayarisha neno lake njia nzima. Akasimama, akavua kofia.

"Shangazi, tunashukuru. Sisi hatuna kitu. Hiki ndicho tulicho nacho. Tumekuletea mwenzako. Mutoto huyu si wetu, ni wako."

Yalikuwa maneno mazuri. Yalikuwa pia maneno ya kawaida, ambayo kila mtu huko huyasema. Mgeni akiingia kwako unamwambia nyumba ni yake, na hajatokea mgeni aliyeleta godoro kwa sababu hiyo. Blaise alikuwa na adabu, ndiyo kosa lake la kwanza.

Mama Régina aliwageukia majirani. "Mumesikia?"

"Tumesikia," wakajibu, wakapiga makofi.

Darlène naye alipiga makofi. Kisha akaona kwamba shangazi hapigi. Anawatazama wapigaji, mmoja mmoja, kama mtu anayekagua kama mlango umefungwa. Mikono ya Darlène ikapoa.

Chakula kilipoiva, Blaise aliitwa mezani. Darlène alipelekwa kwenye mkeka jikoni na wasichana wa nyumba. Walikuwa watatu. Mkubwa alikuwa wa miaka kama kumi na moja, mwembamba, mwenye alama ya kuungua mkononi. Wa kati alikuwa anatwanga pilipili. Mdogo alikuwa anapuliza moto huku machozi yanamtoka kwa moshi. Régina mdogo alikwenda moja kwa moja kwao, kwa adabu aliyofundishwa.

"Miye Régina. Weye jina lako nani?"

"Régina," alisema mkubwa.

"Na weye?"

"Régina."

"Na weye?"

"Régina," alisema yule wa moto, akijifuta pua.

Mtoto aliruka kwa furaha. Alidhani ni mchezo, na ni mchezo wake. Alirudia kuwauliza tena na tena, na kila walipojibu alianguka kwa kicheko kwenye mkeka. Wale wasichana nao walianza kucheka, kwa kuwa ulikuwa ugonjwa wa kuambukiza. Darlène peke yake alibaki na tonge mkononi.

"Lusangi!" sauti ya Mama Régina iliita kutoka sebuleni. "Leta maji ya kunawa!"

Msichana mkubwa alisimama.

"Anakuita Lusangi?" Darlène aliuliza.

"Majina yalikuwa yanachanganya," msichana alisema. "Miye natoka Lusangi. Huyu anatoka Samba, ni Samba. Huyu mudogo ni Kipaka." Akamtazama mtoto aliyekuwa bado anacheka. "Huyu atakuwa Kasongo."

Sebuleni, Mama Régina alimwonyesha Blaise stoo yake. Kati ya marobota ya vitenge na madebe ya mafuta kulikuwa na baiskeli, kinga kama wanavyoiita huko, bado imefungwa makaratasi kwenye mabomba yake.

"Ile kinga yako walichukua?"

"Walichukua, Shangazi."

"Pole. Hii inakaa tu hapa. Hapa hakuna mutu wa kuisukuma."

Blaise aligusa kengele kwa kidole kimoja, kengele ikalia, na yeye akaondoa kidole haraka.

*

Alfajiri Darlène alichukua ndoo akaenda na wasichana kisimani. Hakuna aliyemwomba. Alitaka kumpata yule mkubwa mbali na nyumba. Njia ilikuwa inateremka kwenye majani marefu yenye umande, na Lusangi alikuwa ametangulia na madumu mawili.

"Unasoma darasa la ngapi?"

"Nitaanza mwezi wa tisa."

"Mwezi wa tisa huu?"

Msichana alifikiri. "Alisema mwezi wa tisa. Hata mwaka ule alisema mwezi wa tisa."

"Na mama yako anakuya kukuona?"

"Alikuya mara moja. Alikuwa na mutoto mwingine mugongoni." Alizamisha dumu, mapovu yakapanda. "Papa alipewa cherehani. Anashona vizuri. Ni mbali, Lusangi."

Alisema bila kulalamika, na hilo ndilo lililomkata Darlène maini. Angelalamika, mtu angejua pa kumshika. Darlène alimsaidia kujitwika, akaona utosini pake mahali ambapo nywele zilikuwa zimeacha kuota kwa sababu ya madumu. Alipanda mlima ule bila kusikia uzito wa ndoo yake.

Blaise alikuwa uani. Baiskeli ilikuwa imetolewa nje, imeegemezwa ukutani, na yeye alikuwa anaipiga pampu.

"Tunaenda," Darlène alisema. "Sasa hivi. Mutoto iko wapi?"

"Ngoja kwanza..."

"Wale watoto, Blaise. Wote wanaitwa Régina. Umewaona? Mukubwa hajui hata kuandika. Baba yake alipewa cherehani." Alitazama pampu mikononi mwa mumewe. "Na weye unapewa hii."

"Si kupewa. Ni zawadi."

"Ya nini?"

Blaise alikaza macho kwenye gurudumu. Hakuwa mtu mbaya. Naandika hivyo kwa hasira, maana ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa mbaya. Usiku kucha alikuwa amejiambia kwamba huku kuna chumvi, kuna mchele, kuna mlango wenye kufuli, na kule kwake kuna nini? Alijiambia kwamba mwezi wa tisa mtoto ataanza shule. Mtu anayetaka kitu sana hukosi kumsikia akijitafutia sababu, na zote huwa nzuri.

Darlène hakungoja jibu. Alimchukua mtoto kwenye mkeka, akamfunga mgongoni kwa kitenge, akakaza fundo hadi pumzi ikamkatika, akaenda kwenye lango.

Mama Régina alikuwa anafungua duka. Hakupaza sauti. Mwenye duka hana haja ya kupaza sauti. Alisema tu, akimwita Darlène kwa jina la mtoto wake, "Mama Régina, unakwenda wapi na miye mugongoni?" Akamwita Hemedi, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anaweka uzi kwenye sindano, akamwita Hawa na mawese yake, na wapita njia wengine wakasimama bila kuitwa.

"Jana mulikuwa hapa," aliwaambia. "Huyu baba alisema nini?"

Hemedi alitazama cherehani yake kama inaweza kumjibia. "Alisema mutoto ni wako," alisema. Kisha, polepole, "Lakini Mama, ni ginsi watu wanasemaka."

"Sikukuuliza ginsi watu wanasemaka. Nimeuliza alisema nini."

"Alisema hivyo."

"Blaise, njo."

Blaise alikuja. Alikuwa na mafuta ya mnyororo kwenye vidole.

"Mbele ya watu. Ulisema ao hukusema?"

Hapo ndipo mambo yote yalipokuwa, na kila mtu pale alijua. Neno moja lingetosha. Angesema, nilisema kwa heshima, Shangazi, unisamehe, na Hemedi angesema kweli, na Hawa angesema kweli, na aibu ingekuwa ya mwenye duka. Darlène alimtazama mumewe kwa macho ambayo hakumtazama nayo hata siku ya harusi.

"Sema, Blaise," alimwambia. "Sema ulisema juu ya heshima."

Blaise aliwatazama watu. Akatazama uani, ukutani, kule ambako jua la asubuhi lilikuwa limeshafika kwenye usukani.

"Nilisema," alijibu.

"Basi," alisema Mama Régina.

"Darlène, tutakuya kumuona," Blaise aliongea haraka. "Kila mara. Sasa itakuwa rahisi."

"Tutakuya na nini?"

"Na kinga," Blaise alisema, na alipolisikia neno lake mwenyewe akaanza kufuta mafuta ya mnyororo vidoleni.

Mama Régina alimkaribia Darlène, akamwekea mkono begani, kwa upole kabisa. "Binti yangu, miye si mutu mubaya. Hawa wote wanakula, wanavaa, wanasali. Weye uko na tumbo. Watoto wawili utawabeba na mikono gani?" Akaligusa tumbo lenyewe. "Na huyu, kama ni mwanamuke, jina munalijua."

Darlène alirudi nyuma hadi akagonga lango. Lakini mtoto mgongoni alikuwa ameamka vizuri sasa, na alikuwa amewaona wenziwe watatu wakitoka na vyombo kwenda kisimani safari ya pili. Kipaka alikuwa na kidumu kidogo cha njano cha ziada, anamwonyesha.

"Mama, nishushe."

"Tulia."

"Nishushe! Naenda na Barégina!" Akaanza kupiga mateke mgongoni mwa mama yake, analia kwa hasira, kama mtoto anayefukuzwa kwenye sherehe yake mwenyewe.

"Mushushe mutoto, anataka kucheza," alisema Hawa kwa huruma, huruma ya kweli. Mwanamke mwingine akasogea, na mwingine. Walimsaidia. Fundo la kitenge lilifunguliwa na mikono ambayo haikuwa ya Darlène, na Régina akateleza chini, akapangusa machozi, akakimbilia kidumu cha njano.

Hemedi alirudi kwenye cherehani. Hakushona. Alikuwa anazungusha gurudumu tu, bila kitambaa chini ya sindano.

Waliondoka baadaye kidogo. Mama Régina aliwafungia mchele na kipande cha nyama ya jana, akawaombea safari njema kwa sala ndefu. Darlène hakufumba macho. Wasichana walikuwa wanarudi kutoka kisimani kwa mstari, mkubwa mbele, na wa mwisho kabisa alikuwa wa gauni la waridi, kidumu kichwani, mikono yote miwili imekishika, maji yakimtiririkia usoni, anatembea kwa uangalifu mkubwa, ulimi nje.

"Régina!" Darlène aliita.

Vichwa vitatu viligeuka. "Mama?" walijibu kwa pamoja, na mdogo wao, Kipaka, alipiga hatua mbili kuelekea langoni kabla hajakumbuka kwamba yule si mama yake.

Wa nne hakugeuka. Alikuwa na kazi.

"Kasongo," Lusangi alimwambia, akimgusa bega, "mama yako anakuita."

Mtoto aliinua macho chini ya kidumu. "Mama, angalia! Sijamwaga!" alisema. "Mutanikuta huku? Kesho tunaona nyani?"

"Ndiyo," Blaise alisema.

*

Kutoka Kabambare Darlène alitembea. Blaise alisukuma baiskeli kando yake, akamwambia apande nyuma, kwenye karia, hakupanda. Waliazima mahali pa kulala kijiji cha njiani, wakala ule mchele. Yaani Blaise alikula. Asubuhi wakaendelea. Njiani, kabla ya kizuizi, Blaise aliona lile gari la maganda, lililomponyoka mtoto walipokuwa wakija, limelowa, na akalikwepa kwa gurudumu. Mkewe aliliokota.

Viatu vya kuazima vilikuwa vimemtoboa kisigino, akavivua, akavitwika pamoja na kitenge kilichokunjwa. Blaise alimwomba tena apande. Alimwomba kwa ajili ya tumbo. Alimwomba kwa jina la Mungu. Mwisho akapiga kelele, kisha akalia, akisukuma baiskeli yake mpya yenye kengele, na Darlène alitembea upande wa pili wa njia kama mtu asiyemjua.

Clovis alikuwa palepale, juu ya kiti chake kisicho na mgongo. Aliwatambua kwa mbali, akasimama kabisa.

"Ee! Wasafiri! Na kinga mupya!" Akainama, akatazama nyuma yao njiani. "Na Régina iko wapi?"

"Amebakia kwa majina yake," Blaise alisema. "Anatembea kidogo."

"Ah, muzuri. Amefurahi?"

"Amefurahi."

Clovis aliizunguka baiskeli, akapiga kengele, akabonyeza matairi. Kisha akamwona Darlène, vumbi hadi magotini, tumbo mbele, damu kisiginoni.

"Mais papa, unamufanya mama hivi? Anatembea na miguu, na karia iko bure?" Akapigapiga karia kwa kiganja. "Mama, kaa hapa."

"Siwezi," Darlène alisema.

"Juu ya nini huwezi?"

"Siwezi kukalia mutoto wangu."

Clovis alicheka, maana alidhani ni mzaha wa mke na mume. Alicheka peke yake. Akamtazama Blaise, naye Blaise alikuwa anapangusa usukani kwa shati lake, mahali ambapo hapakuwa na uchafu wowote. Kicheko cha Clovis kikaisha. Hakudai kitu. Alikwenda akaunyanyua mwanzi, akaushikilia juu hadi wote wawili wakapita.